Mbawakawa wa Mama Anande

Kwao Nkoaranga, chini ya Mlima Meru, bibi akifa jina lake huchukuliwa na mjukuu, maisha yakaendelea. Lydia, mtoto wa pekee wa mchungaji mstaafu Eliya, hakujaliwa mtoto. Kwa hiyo tangu mama yake, Anande, afariki, jina lile lilibaki kaburini halina wa kuliitikia, na jambo hilo lilimuuma mzee Eliya kuliko alivyokubali kusema.

Lakini Mungu si Athumani. Miaka ile ya soko huria, mitumba imejaa Arusha na kila mwenye gari anajiita kampuni ya utalii, Lydia alikuwa akifundisha habari za wadudu katika chuo kimoja. Siku moja alichekecha majani yaliyooza msituni Meru, akapata mbawakawa mdogo kuliko punje ya ulezi, mweusi, mgongo unang'aa kijani. Alitafuta vitabuni, akaandikia makumbusho ya Ulaya; hakuna aliyemjua. Na desturi ya kazi hiyo ni kwamba anayemweleza mdudu kwanza, maelezo yake yakachapwa, ndiye anayempa jina, na jina hilo halibadilishwi tena. Lydia akamwahidi baba yake kwamba mdudu ataitwa Anande.

Kilibaki kikwazo kimoja, nacho, mniwie radhi, kilikuwa uume. Mbawakawa wadogo namna hiyo hufanana mno. Kinachowatofautisha ni kiungo hicho cha dume, na bila mchoro wake hakuna jarida litakalokubali maelezo. Sasa binti wa mchungaji achore kitu kile, jina lake liwe chini yake, halafu baba aletewe jarida nyumbani! Thubutu!

Akampelekea Arnold, mwalimu mwenzake aliyesoma naye tangu sekondari. Alimpa madume wote aliokusanya na maelezo yote aliyoyaandika.

"Nichoree hiyo sehemu tu, kaka."

Arnold alicheka. "Usijali, dada. Hiyo aibu nitakubebea mimi."

Akaibeba, na mzigo wote akaubeba. Kila alipoulizwa alisema hadubini ni mbovu. Kisha jarida likafika chuoni. Mchoro ulikuwa mzuri, tusimnyime haki yake. Maelezo yalikuwa ya Lydia neno kwa neno, mwandishi Arnold peke yake, na mbawakawa kapewa jina la tajiri mmoja wa magari ya watalii.

Lydia alimkuta nyumbani kwake mtaa wa Daraja Mbili, anaosha Landrova aliyopewa na tajiri huyo.

"Arnold, umenifanyia nini?"

"Dada, dunia imebadilika. Jina siku hizi ni mtaji. La marehemu ungemuuzia nani?"

"Halikuwa la kuuzwa!"

"Wadudu si wapo tele? Utapata mwingine."

Kikulacho ki nguoni mwako, na nguoni humo Lydia mwenyewe ndiye aliyemtia. Alitaka kumtukana, lakini akageuka kurudi Nkoaranga.

Mzee Eliya alikuwa kibarazani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Vipi, mama yako ameshapata wajina?"

Lydia akamweleza yote, hata ile sehemu aliyoionea aibu. Mzee hakushtuka hata kidogo.

"Huyo tajiri ana watoto?"

"Anao wengi, baba. Na wajukuu."



"Ungechora tu, mwanangu," mzee akasema. "Mimi ningekushangilia."