Halua ya Ziara

Shaista alipotoka kuswali, alimkuta mama mkwe wake amemwinamia mtoto kitandani, anamfuta mdomo kwa ncha ya ushungi. Harufu ya samli na iliki ilimpiga puani.

"Umempa nini, mama?"

"Halua kidogo tu. Nimeiombea kwenye kaburi la walii alfajiri. Hiyo si chakula, mwanangu, ni baraka."

Jamani, wazee hawa. Tangu jana daktari anaimba wimbo ule ule: mtoto asile, asinywe. Rubab alikuwa na uvimbe katikati kabisa ya ubongo, kwenye vyumba vya maji. Umeziba njia, maji yanajaa, na kichwa kinamuuma mpaka anakigonga ukutani. Apasuliwe leo, walisema, ya kesho hawayajui.

Mara kikaja kitanda cha magurudumu, na daktari wa usingizi nyuma yake.

"Ametia chochote mdomoni?"

"Hajala," bibi alijibu upesi. Akamfinya Shaista mkono, akamnong'oneza, "Ukisema, nafasi atapewa mwingine. Utaniulia mjukuu."

Akisema, maji yataendelea kujaa. Akinyamaza, halua itapanda kooni usingizini na kumpalia. Huku moto, kule moto. Shaista aliuchukia mkono ule uliomfinya, na ndio uliomlea Rubab.

"Amekula," alisema. "Halua. Sasa hivi."

Daktari hakugomba, afadhali angegomba. "Basi tumbo litulie kwanza. Akizidiwa tutaingia hivyo hivyo, Mungu atusaidie." Akachukuliwa mtoto wa kitanda cha pili.

Adhuhuri Rubab akaacha kulia. Shaista, masikini, akashukuru, akidhani maumivu yamepoa. Alipomwita, macho ya mtoto yalikuwa yameelekea chini, hayapandi. Akamwita tena, kimya. Akatoka mbio kumwita daktari, naye na wauguzi wakamkimbiza mtoto chumba cha upasuaji.

Mlango ulipofungwa, bibi alikuwa sakafuni, kifurushi cha halua mapajani.

"Nitukane basi, mwanangu."

Shaista akaketi kando yake. Matusi alikuwa nayo tele.

"Aliniomba mimi kwanza," alisema. "Jana. Nikamnyima hata maji." Kisha akauliza, "Aliila kwa raha?"

"Kwa raha. Akasema na mama umwekee."

Bibi akafungua kifurushi. Kilibaki kipande kimoja. Shaista akakichukua, akakaa nacho mkononi, anatazama mlango.