Wageni wa Kituo cha Nne

Kila Jumatatu, saa mbili kasorobo asubuhi, mpima maji alishuka kwenye gari la ofisi na kreti ya chupa sita, akatembea hadi katikati ya daraja, akasimama palipopakwa alama ya rangi nyeupe na kuteremsha ndoo ndogo kwa kamba. Maji aliyoyavuta yalikuwa mazuri. Aliyajaza kwenye chupa, akabandika karatasi iliyoandikwa "Kituo cha Nne", akarudi garini, ambako dereva hakuwa amezima hata redio. Kazi nzima ilichukua dakika tisa.

Kituo cha Nne chenyewe hakikuwa pale. Kilikuwa mita mia nne chini, baada ya bomba la kiwanda cha rangi, mahali ambapo mji unavuta maji yake ya kunywa. Miaka kumi na tisa nyuma, mpimaji wa zamani aliteleza kwenye ukingo ule akavunjika nyonga, na ofisi, kwa huruma zake, ikatoa waraka kwamba sampuli zichukuliwe darajani kwa muda. Muda wenyewe haukuisha. Mpimaji yule alipona, akastaafu, akazikwa, na alama nyeupe ikaendelea kupakwa upya kila mwaka. Basi, kwa kuwa uchafu wa bomba haurudi nyuma kupanda hadi darajani, mto ule kwenye makaratasi ulikuwa msafi kupita kiasi. Mpima maji alilijua hilo. Ofisi nzima ililijua. Tusidanganyane, ni yale mambo ambayo kila mtu anayajua na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuyasema.

Jumatatu moja aliporudi garini alimkuta fisi maji, yule mla samaki wa mtoni, ameketi kiti cha nyuma, amelowa chapachapa, anatetemeka.

"Mama Chupa, huyu wako?" dereva aliuliza.

"Simjui. Twende, tumechelewa."

Fisi maji alishinda chini ya meza ya mpima maji ofisini, na saa tisa na nusu akamfuata nyumbani. Jumanne walikuja vyura kumi na saba kwa mstari, wakapita chini ya mlango. Jumatano akaja kenge na kaa wachache. Alhamisi wakaja mdiria wawili, wale ndege wa mtoni wenye mdomo mrefu, na kambare mzee aliyejiburuta kwa tumbo kutoka mtoni hadi kizingitini, vumbi limemjaa hadi kwenye sharubu. Walimfuata yeye kwa sababu ndiye mtu pekee mjini aliyekuwa akienda mtoni na chupa, kama watu wanavyomfuata mwenye funguo. Hawakujua kwamba funguo zenyewe hazikuwa za mlango ule.

Nyumbani alikuwa akiishi na binti yake, mwenye mimba ya miezi mitano, ambaye mumewe alikuwa dereva wa malori ya masafa na alionekana mara moja kwa mwezi, akijitahidi sana.

"Mama, kuna samaki kwenye beseni la kufulia," binti alisema.

"Mwache. Nguo tutafulia ndoo."

Hiyo ndiyo ilikuwa kauli yote. Watu wana mimba, wana kazi, hawawezi kushangaa kutwa.

Lakini wanyama wale walikuwa na hofu, na hofu yao ilijaa nyumbani kama moshi wa jiko lisilo na dirisha. Hawakulala. Vyura hawakulia hata mmoja. Walikaa kwenye kona ya sebule, mbali na watu, wakitazama upande wa jikoni, na kila bomba la jikoni lilipofunguliwa wote walirudi nyuma kwa pamoja, hadi migongo ikagusa ukuta. Likifungwa, walisogea tena kidogo. Mpima maji aliona hilo jioni ya kwanza, akajisemea ni mlio wa bomba. Siku ya pili akalifungua taratibu bila mlio. Walirudi nyuma vilevile.

Yeye alikuwa mtu wa vipimo. Jumamosi aliweka glasi mbili sakafuni, moja ya maji ya bomba, nyingine ya maji ya mvua kutoka kwenye pipa la uani. Vyura waliizunguka ya mvua. Akazibadilisha nafasi. Vyura wakahama. Akarudia mara tano, akiandika matokeo nyuma ya bahasha, na mara zote tano hawakukosea. Kisha akaziondoa glasi, akasogea yeye mwenyewe. Walimkimbia. Akamwita binti yake asimame palepale.

Binti alikuja, mkono mmoja kiunoni, tumbo mbele. Kenge aliparamia pazia. Kambare aligeuka ndani ya beseni akawapa mgongo.

Mpima maji aliogopa. Akaketi kwenye mkono wa kochi. Miaka kumi na mmoja alikuwa amesaini kwamba maji yale ni salama, na binti yake alikuwa ameyanywa glasi kwa glasi, kwa sababu mkunga alimwambia mama mjamzito anywe maji mengi.

"Kuanzia leo unakunywa ya mvua tu," alisema.

"Yana ladha ya bati, Mama."

"Utaizoea. Usinibishie, mwanangu, nakuomba."

Jumatatu iliyofuata alipita darajani bila kusimama. Aliteremka ukingoni akijishikiza kwenye majani, akachota chini ya bomba la kiwanda, mahali maji yalipokuwa na rangi ya chai ya rangi na povu lisilovunjika, kisha akaipeleka chupa moja kwa moja kwa Mkuu wa ofisi. Fisi maji alimfuata hadi ndani. Alipoiona chupa mezani alikimbilia upande wa pili, akajilaza juu ya viatu vya Mkuu, na hapo, kwa mara ya kwanza tangu atoke mtoni, akalala usingizi. Mkuu alikuwa akinywa maji ya kununua, ya dumu kubwa lililosimama nyuma ya kiti chake.

"Hii umeichukua wapi?" Mkuu aliuliza.

"Kituo cha Nne."

"Kituo cha Nne kiko darajani. Waraka upo."

"Mkuu, nazungumzia kile chenyewe."

"Mama, chenyewe ni kile cha kwenye waraka." Hakuwa mkali. Alivua miwani akaifuta. "Nikiipokea hii nitaandika nini? Kwamba mto ulikuwa msafi Jumatatu iliyopita, na leo hivi? Wataniuliza ulikuwa wapi wewe. Usijitafutie balaa, na mimi usinitafutie."

"Binti yangu ana mimba."

"Hongera sana," Mkuu alisema, na alimaanisha. Alimwinua fisi maji kwa mikono miwili, akamkabidhi. "Na huyu mfunge, asije akapotea."

Mpima maji aliimwaga chupa kwenye sinki la ofisi. Saa sita mchana alirudi darajani, akajaza chupa nyingine kwenye alama nyeupe, akasaini. Aliona haya. Lakini haya haikumzuia kusaini wiki ile, wala zilizofuata.

Nguvu zake zote alizipeleka nyumbani. Yeye naye alikunywa maji ya mvua, akayapikia, akamwogesha binti kwa maji ya mvua, akaweka mapipa mengine mawili chini ya michirizi ya paa. Baada ya wiki tatu chura mmoja alikuja akaketi juu ya mguu wake alipokuwa akimenya viazi. Mpima maji alikaa bila kutikisika hadi viazi vikageuka rangi. Binti alichukua muda zaidi. Mwezi wa nane wa mimba, adhuhuri moja, fisi maji aliondoka kwenye kona, akaivuka sebule, akalaza kichwa kwenye nyayo zake zilizovimba. Binti alimkuna kwa kidole gumba. Mpima maji aliingia jikoni akalia kwa furaha, akajipangusa kwa kitambaa cha vyombo.

Mtoto alizaliwa Jumatano, wa kike, kilo tatu na robo. Alilia vizuri. Mkunga alimgeuza huku na huku akasema hana kasoro. Kesho yake mchana dereva aliwaleta kutoka hospitali kwa gari la ofisi, akiendesha polepole kama aliyepakia mayai.

Binti aliingia kwanza. Fisi maji alimwendea, akamnusa vidole vya miguu. Kisha mpima maji akaingia na mtoto kwenye blanketi, na fisi maji akarudi nyuma. Vyura wote waliruka kwa pamoja hadi ukutani. Mdiria walijigonga kwenye kioo cha dirisha.

Mpima maji alimlaza mtoto kwenye kochi, akaenda peke yake hadi ukutani. Hawakusogea. Chura mmoja alimpanda kiatuni. Akarudi, akamchukua mtoto, akapiga hatua moja kuelekea kwao. Walisogea. Akarudia mara ya pili, kama alivyozoea kurudia vipimo, na alipofikiria mara ya tatu mikono ilimkatalia.

"Mama, wana nini?" binti aliuliza. Alikuwa ameshaketi, anajiweka sawa mto mgongoni.

"Harufu ya hospitali. Hawaijui."

"Maskini. Niletee, nimnyonyeshe."

Alimpelekea. Mtoto alilipata titi mara moja, akanyonya kwa bidii, ngumi ndogo kifuani. Fisi maji alikuwa amekwenda mlangoni, amesimama na pua kwenye ufa, anasubiri kufunguliwa. Mpima maji aliufungua. Walitoka wote, fisi maji, mdiria, kenge, kaa, vyura kwa mstari, na mwisho kambare, akijivuta nje ya beseni, akaacha mchirizi wa maji sakafuni. Barabarani watu waliwapisha.

Binti alicheka, akasema afadhali, nyumba itapumua. Mama yake alisema ndiyo, itapumua. Alifunga mlango, akaketi karibu naye, akaanza kumchunguza mtoto kucha moja baada ya nyingine.