Magnamu Mwenye Presha

Usiku wa jana niliota nimekaa kwenye benchi la zahanati, nimemsindikiza mgonjwa. Mgonjwa mwenyewe alikuwa risasi. Risasi ya magnamu, ya bunduki ya kuwindia nyati, urefu wake kama wa mtu mzima, kavaa mkanda kiunoni kama walivyo magnamu wengi, kichwa chake cha shaba kinang'aa. Alikuwa anatokwa jasho.

Nilimtambua mara moja. Nilikuwa nimemjaza kwa mikono yangu mwenyewe nyumbani Njombe: nikamtia kwenye kitako fataki mpya, kile kidude cha kuwasha baruti, nikampimia baruti, nikamfunga kichwa. Yeye na wenzake walikuwa mali ya Mtewele, shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Kukicha alikuwa ashuke nao Mlimba, bondeni kwenye joto, kuongoza wageni katika kitalu cha uwindaji.

"Baba," yule magnamu akaniambia, "sijisikii vizuri."

"Umekula nini?"

"Ulichonilisha."

Sikulipenda jibu lile, na watu kwenye benchi walishaanza kutugeukia.

"Mwenye presha!" nesi akaita. Tukaingia. Nesi alikuwa mke wangu Enesia, ingawa Enesia anauza vitenge sokoni na hajawahi kumdunga mtu sindano. Alinitazama kama hanijui. Hilo halikunishangaza, huwa ananitazama hivyo kila nikichelewa chakula.

"Vua mkanda," anamwambia mgonjwa.

"Hauvuliki, dada. Nimezaliwa nao."

"Basi kunja mkono wa shati."

"Sina mkono. Nina shingo na mabega."

Enesia anashusha pumzi, anachukua kile kitambaa cha kupimia presha, anamfunga nacho shingoni, anaanza kupampu. Nje ya dirisha umande umeganda juu ya majani ya chai. Mshale unapanda kidogo, unatulia mahali pazuri.

"Geuka," anasema.

Mgonjwa anageuka. Enesia anainama na kuichunguza fataki kwenye kitako chake. Ni duara, nene, kingo zake zimeviringana vizuri.

"Hana dalili," nikasema kwa furaha. "Presha ikizidi, fataki inalala bapa na bolti, lile komeo la nyuma ya bunduki, inakuwa ngumu kufungua. Sisi jana tumepiga kadhaa za aina hii. Fataki safi. Bolti ilifunguka kwa kidole kimoja."

"Mlipigia wapi?"

"Hapa hapa. Nyuma ya shamba la chai, asubuhi."

"Na yeye anakwenda kupigwa wapi?"

"Mlimba."

Enesia akavua miwani. "Mume wangu," akasema, na hapo nikajua kwamba alinijua tangu mwanzo, "baruti nayo inasikia joto. Presha uliyoipima kwenye baridi ni ya kwenye baridi. Na dalili ni mgeni anayefika wa mwisho. Ulianza na baruti kidogo ukapanda polepole?"

"Nilianza katikati," nikasema. "Kuokoa muda."

Nilipotamka tu neno katikati, nikajikuta katikati ya ngazi. Ilikuwa ngazi ya saruji, ndefu, imesimama peke yake hewani. Juu yangu vidato vilikuwepo vyote. Chini yangu hapakuwa na hata kimoja. Niliupeleka mguu nyuma kutafuta pa kukanyaga, ukaning'inia. Magnamu alikuwa kidato kimoja juu yangu, anasubiri.

"Turudi chini," nikamwambia.

"Chini hukujenga, baba."

Tukaruka. Tulitua barabarani, kwenye kona ya kwanza ya mteremko wa kwenda bondeni, na papo hapo tukapigiwa filimbi.

Aliyetusimamisha alikuwa kile kimashine changu cha kupimia mwendo wa risasi, kiko juu ya stendi yake ya miguu mitatu, kimevaa kofia nyeupe ya trafiki. Kilipiga hatua tatu kwa wakati mmoja kikatufikia.

"Mzee, mgonjwa wako amepigwa tochi."

"Kwani kosa liko wapi, afande?"

"Spidi. Kitabu cha vipimo kinasemaje kuhusu risasi ya uzito huu?"

"Kinataja mwendo ulio chini ya huo."

"Chini kidogo au chini sana?"

Nikatazama vidole vya miguu yangu. Vilikuwa vimevaa fataki badala ya kucha.

"Hiyo ya ziada umeitoa wapi?" afande akauliza. "Spidi haiokotwi njiani. Ukiiona imezidi ya kitabu, ujue na presha imezidi ya kitabu, hata kama fataki inakuchekea. Huyu ana mwendo ambao hakustahili kuwa nao."

"Afande, wewe mwenyewe ndiye uliyetuonyesha ile namba jana. Mbona hukusema?"

"Nilisema. Namba ile ndiyo ilikuwa kelele yangu. Nyie mkadhani nawasifia, mkapiga makofi."

Ni kweli tulipiga makofi. Mtewele alikuwa ameomba nimwongezee mwendo kidogo, nikamwongezea, na namba ilipotokea alinikumbatia akasema, "Shemeji, hizi ni moto!" Nami nikavimba kichwa siku nzima. Niliona aibu mbele ya kile kimashine, maana nimekinunua mwenyewe na bado kimenishinda akili.

Afande akafungua kizuizi, na baridi ikaisha. Miti ya misindano haipo tena. Jua liko utosini, ardhi imepasuka, nyasi zinanuka moto. Pikapu ya Mtewele imeegeshwa juani, na juu ya dashibodi, nyuma ya kioo, magnamu wenzake wamepangwa wanaokwa kama mandazi. Wanaimba kwa sauti nyembamba sana.

Nyati alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, kwato moja juu ya nyingine.

"Karibu," akasema. "Mimi sina haraka. Nangoja risasi ya pili."

"Kwa nini ya pili?"

"Ya kwanza itatoka. Pengine itanijeruhi. Halafu ganda la risasi litavimba kule ndani ya bunduki, bolti itagoma, na huyo shemeji yako atakuwa anaipiga kwa kiganja wakati mimi nainuka kitini. Hiyo ni kama bunduki itasalimika. Isiposalimika, nitabaki nimekaa tu, sina kazi."

Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayekuelekeza ofisi ya kata.

"Baba," magnamu akaniita. Alikuwa mwekundu shingo nzima. "Nitazame nyuma."

Nikamtazama. Ile fataki ya duara, iliyokuwa na kingo zake nzuri, ilikuwa imelala bapa kama iliyopigwa pasi.

"Mimi sina ugomvi na shemeji yako," akasema. "Ila nikishindwa kuvumilia nitatokea nyuma. Na nyuma yangu kuna jicho lake. Sina mahali pengine pa kutokea."

Hapo niliogopa. Nimewahi kuota nikifukuzwa na nikidondoka, lakini sijawahi kuogopa vile. Mtewele anatoka nyuma ya pikapu anatabasamu, mikono ya shati imekunjwa. Anamchukua magnamu, ambaye mkononi mwake amekuwa mdogo kama kidole, anamsukuma ndani ya bunduki.

Nafungua kinywa nimpigie kelele. Inatoka ile namba ya mwendo ya jana.

Natamka tena, kwa nguvu zangu zote. Inatoka namba ile ile, kubwa, inang'aa hewani.

"Safi kabisa, shemeji!" Mtewele anasema, na anapiga makofi. Halafu analaza shavu kwenye kitako cha bunduki, anafumba jicho la kushoto, anafunga bolti. Nyati anajiweka vizuri kitini.

Ka!

Lilikuwa komeo la geti. Nikafumbua macho, blanketi limenizonga shingoni, pua ya baridi. Jikoni Enesia alikuwa anagombana na mkaa, na sauti ya Mtewele ilikuwa inaomba chai ya haraka haraka kwa sababu safari ya bondeni ni ndefu.

Nilitoka na blanketi mabegani. Boksi la risasi lilikuwa kwapani mwake tayari.

"Lete hapa," nikamwambia.

"Shemeji, vipi? Mbona unahema hivyo? Presha imepanda?"

"Imepanda. Lakini siyo yangu."

Enesia akacheka. Mtewele hakucheka, akanipa boksi. Nikaliweka mezani, nikalifungua. Risasi zilikuwa zimesimama kwenye vitundu vyake, vichwa chini, vitako juu, baridi kama mawe ya mtoni. Fataki zote zilikuwa duara, nene, mpya kama nilivyozitia. Zote isipokuwa ya pembeni.

Ile ya pembeni niliichomoa. Kichwa chake kilikuwepo mahali pake, yaani haijapigwa wala haijawahi kuingia kwenye bunduki. Nikaigeuza dirishani nikaona fataki imelala bapa kama iliyopigwa pasi.

"Hizi hazishuki," nikasema. "Nitazing'oa vichwa zote nianze upya kutoka chini kabisa. Wewe nenda na zako za dukani."

"Jana si ulisema ni nzuri?"

"Jana tulipiga makofi tu, shemeji."

Nikamwekea ile risasi kiganjani. Aliigeuza, akaisogeza kwenye mwanga, akaitazama kwa muda mrefu huku chai yake inapoa. Amewinda miaka mingi, hakuhitaji kuelezwa. Aliinua mkono polepole, akajigusa jicho la kulia.