Mjapani Aitikia Baraka

Yusta alikuwa ametoa onyo asubuhi, akiwa bado anakatakata nyama: gitaa lile likilia hata mara moja mbele ya wakwe, linarudi juu ya kabati na halishuki tena.

Mumewe, Vitalis, hakubisha. Lilikuwa gitaa la umeme la Kijapani, lenye miaka mingi kuliko ndoa yao, tumbo lake tupu kama mzinga na usoni matundu mawili yaliyopinda. Aliachiwa na marehemu mjomba wake, likiwa halitoi tena sauti ya maana. Juzijuzi fundi wa Babati alilifungia kinasa sauti kipya chini ya nyuzi, na hapo nguvu ikazidi. Ukilisogeza karibu na spika lilivuma, kisha likalia kama ndama aliyeachwa zizini. Siku ya mazoezi ng'ombe wa jirani waliliitikia. Lakini Vitalis alikuwa ametunga wimbo wa kumuaga binti yao, Letisia, anayekwenda kuolewa kijiji cha Gehandu. Bila gitaa hilo angebaki kupiga makofi kama mgeni.

Sherehe ya kumuaga ilianza vizuri. Kabla ya keki alisimama mzee Joakimu, baba yake Vitalis, akapewa kipaza sauti atoe baraka kwa Kiiraqw, lugha ya kwao. Desturi ni kwamba mzee anatamka mstari, na watu wote wanaitikia kwa mvumo mmoja mrefu. Akaombea mvua. Wakaitikia wazee wachache. Akaombea ng'ombe. Vijana walikuwa wanarekodi kwa simu. Gitaa, ambalo Vitalis alikuwa ameliegemeza kando ya spika bila kulizima, likaitikia: mvumo mzito, mrefu, mahali penyewe hasa.

Yusta alishainuka kwenda kuchomoa waya. Mzee akamzuia kwa fimbo.

"Liache, mwanangu. Katika turubai hili lote, Mjapani ndiye anayejua kazi."

Watu wakacheka, kisha wakaona haya. Alipotamka mstari uliofuata, turubai zima likavuma, simu zikiwa mifukoni.

Ikafika zamu ya Vitalis. Alipiga nyuzi mbili tu, gitaa likalia kwa ukali hadi mama mkwe wa Letisia akaziba masikio. Vitalis akaweka mkono kwenye swichi, akamtazama mkewe. Yusta alijua anasubiri nini. Angetikisa kichwa tu, wimbo ungeishia hapo.

Akafungua mkoba. Yeye ni muuguzi wa zahanati. Hata harusini haendi bila pamba na plasta. Akasindilia pamba kwenye matundu yote mawili ya gitaa ili tumbo lake lisivume, akabandika plasta juu yake, wageni wakimkodolea macho.

"Piga sasa, Baba Letisia. Ukikosea tena, kosa ni lako, si la gitaa."

Vitalis akapiga. Sauti ikatoka safi, nene, bila kilio, na Letisia akacheza mpaka viatu vikamshinda, akavivua.

Mzee Joakimu hakufurahi sana. Alimwita Yusta pembeni, akamuuliza nani amemruhusu kumziba Mjapani mdomo.

"Alikuwa anapiga kelele, baba."

"Kwenye wimbo, mzibe. Siku ya harusi huko Gehandu, nikisimama kubariki, mzibue."

Yusta akamwambia hilo halina shida. Plasta zipo.