Fangasi wa Bweni la Ruaha

Usiku wa jana niliota niko bafuni kwetu bwenini, na mtafiti amepiga magoti mbele yangu, anakwangua fangasi kati ya vidole vya miguu yangu na kumtia kwenye chupa. Alijitambulisha kwa adabu: Dokta Lindvall, kutoka ng'ambo. Fangasi huyo, alisema, angetoa dawa ya kuponya miwasho ya miguu duniani kote.

Nikamwuliza kama ameomba ruhusa. Akasema hakuona wa kumwomba.

"Nipo," fangasi akasema ndani ya chupa, kwa sauti ya mwalimu wa zamu.

Hapo bafu likawa ukumbi wa mkutano wa kimataifa. Mwenyekiti ni mmea wa mshubiri, amekaa kwenye chungu chake, amevaa tai. Anatangaza kwamba kwa sheria za mataifa, kiumbe hakivuki mpaka kwa utafiti kabla wenyewe hawajaridhia na kukubaliana masharti. Yeye mwenyewe, anaongeza, alichukuliwa zamani bila hodi, na sasa anajikuta kwenye shampuu za watu asiowajua.

Dokta anasema mwenye fangasi ni mimi peke yangu, na ananipa kalamu nzuri nitie sahihi.

Naikataa. Nimevaa taulo tu, lakini nasimama kibalozi.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, kwetu kandambili za bafuni ni za wote. Anayewahi ndiye anayevaa. Fangasi huyu ni wa bweni zima, na bweni zima linajikuna. Dawa ikitengenezwa bila sisi, tutakuja kuuziwa."

Bweni linaitwa. Wanaingia na vitanda vyao, wamelala. Wanaulizwa kama wameridhia. Wanakoroma. Dokta anasema huko ndiko kukubali.

Nakalia chupa. Nasema siondoki mpaka waamke. Ndege ya Dokta inapiga honi mlangoni. Nakaa. Mwenyekiti ananiomba kistaarabu. Nakaa.

Mwishowe Makoye, kiranja wetu, anafumbua jicho moja.

"Nusu ya dawa ije kwetu, Dokta. Hutaki, acha hiyo chupa."

Bweni linaitikia. Fangasi naye anaridhia, mradi asiitwe uchafu. Dokta anakubali. Mwenyekiti anagonga meza: nusu kamili, isizidi, isipungue.

Kengele ikaniamsha. Mguu wangu wa kushoto ulikuwa laini kama wa mtoto mchanga. Wa kulia uliwasha kama kawaida.

Nikainua kichwa. Vitandani kote, kimya kimya, kila mtu alikuwa anajikuna mguu wa kulia.