Mshipa wa Bi Hasina

Bi Hasina akiimba mtaani Makorora, wachuuzi wa Muheza, mji wa mbali huko, huacha kumenya machungwa ili wasikilize. Wapo wanaobisha, lakini hao hawajamsikia. Ndiye kiongozi wa ngoma ya akina mama mtaani, na Ijumaa iliyokuwa ikija ilikuwa harusi ya mjukuu wake mwenyewe, Nasra.

Kilichomponza ni mkono. Wiki kadhaa nyuma aliteleza uani, ukavunjika. Alipofunguliwa hogo la plasta hospitalini, Dakta Anastazia akampima mifupa na presha.

"Mama, mifupa yako imepungua chokaa," akasema daktari. "Mwanamke akishakoma hedhi, hutokea. Na mara nyingi mifupa ikidhoofika, mishipa ya damu nayo hukakamaa, chokaa ikaganda kutani mwake. Presha yako iko juu. Utameza dawa, na hiyo mishipa tutaifuatilia."

"Na ngoma je, mwanangu?"

"Cheza. Mifupa hupenda kutumikishwa. Usianguke tu."

Njiani akakutana na wifi yake Sabiha, mwanamke asiyeweza kutunza siri hata umfunge kanga mdomoni.

"Wamesemaje huko?"

"Mshipa," akajibu Bi Hasina kwa mkato, maana jua lilikuwa kali.

Lo! Mtaani kwao mshipa ni mmoja tu: busha, ule ugonjwa wa wanaume unaomfanya mzee apende kanzu pana na kuketi kwa tahadhari. Kabla ya alasiri, mumewe Mwinyijuma alikuwa akipewa pole barazani.

"Kumbe unaambukiza?" akauliza jirani yao Masoud. Baraza zima likashika mbavu.

Jioni Bi Hasina akasikia kuna kikao cha akina mama wa ngoma kwa Sabiha, ambacho hakuitwa. Akaingia hivyo hivyo. Ngoma yake kubwa ilikuwa mapajani mwa Sabiha.

"Pumzika, wifi," akasema Sabiha. "Wageni wanatoka mpaka Tongoni. Watasema tunaongozwa na mwanamke mwenye mshipa!"

Uso ukamwaka Bi Hasina. Kukaa kimya kwenye harusi ya Nasra kulikuwa sawa na kuzikwa mzima. Akanyoosha shingo.

"Mishipa ninayo, ndiyo. Na wewe unayo, labda kama unatumia betri."

Kicheko kikamponyoka mtu mlangoni.

"Hii yangu ni ya damu. Chokaa inahama mifupani, na mishipani inajijenga. Kuta zangu zinamomonyoka, mabomba yanaziba. Sasa nambieni, nani humu bado anaona siku zake?"

Wakatazamana. Hata Sabiha, ambaye kila mwaka anadai ana miaka arobaini na tisa, akaanza kukung'uta kanga isiyo na vumbi.

"Basi tumo wote. Ila mimi nimeshapima."

Sabiha akateremsha sauti. "Wifi, mgongo wangu huu umeanza kupinda. Ndiyo hayo?"

"Sijui. Mimi ni wa kuimba, si wa kupima. Kesho twendeni."

Asubuhi kundi zima likashika njia ya hospitali. Bi Hasina alikuwa mbele, dera likipepea, na Sabiha nyuma yake amembebea ngoma. Wimbo alikuwa ameutunga mwenyewe alfajiri: wanaume wa Makorora waache kuringa, mishipa ni ya wote. Walipopita barazani, Masoud aliangalia viatu vyake. Mwinyijuma alisimama.

"Mke wangu huyo!" akapaza sauti. "Na Ijumaa mtamsikia tena!"

Dakta Anastazia akatoka mlangoni, macho yamemtoka.

"Shikamoo mama. Kuna harusi?"

"Marahaba. Harusi ni Ijumaa, na ngoma naongoza mimi," akasema Bi Hasina. "Leo nimekuletea mishipa."