Kisiwa cha Ndahani

Usiku wa jana niliota nimefika ofisini saa mbili kamili asubuhi, jambo ambalo peke yake lilitosha kunishtua, nikamkuta Kisiwa amekaa kwenye kiti cha Ndahani.

Nieleze kwanza. Ofisi yetu inatunga kamusi. Tuko watano, na miaka miwili iliyopita tuligawiana herufi kwa kuokota vikaratasi kwenye kofia ya mlinzi. Mimi niliokota N, nikapata nanasi, nyanya, nyumbu na nuksi. Ndahani aliokota K, na ndani ya K kulikuwa na kisiwa.

Sasa mimi ni Kokushubira, mzaliwa wa Bumbire, kisiwa cha Ziwa Victoria upande wa Kagera. Nimezaliwa kisiwani, nimebatizwa kisiwani, meno ya utoto nimeyang'olea kisiwani. Ndahani ni mtu wa Kongwa, ambako maji yanafika kwa madumu. Alipoandika kadi ya kisiwa, bosi wetu Dakta Mwanakombo aliisoma mara mbili akasema isiguswe na mtu. Kadi zangu zote zimeguswa. Nyanya peke yake imeguswa mara nne. Tangu siku hiyo naona wivu, na sioni sababu ya kuupa jina jingine.

Kadi yenyewe inasema: "Kisiwa: nchi kavu iliyozungukwa na maji pande zote." Chini yake, kwenye mstari wa asili ya neno, Ndahani ameweka alama ya kuuliza.

Ofisini tuna sheria moja. Kabla kadi haijafungwa, maelezo yake husomwa mbele ya wote. Ukileta kitu kimoja tu kinachoingia ndani ya maelezo hayo na hakistahili jina hilo, kadi inakuwa yako, na nyuma yake linaandikwa jina lako. Kisiwa kilikuwa kinafungwa leo. Nilikuwa nimetafuta hicho kitu kimoja kwa miezi minne bila kukipata.

Kwa hiyo nilipomkuta Kisiwa mwenyewe kitini, nilifurahi, kisha nikaona amekaa kwenye kiti cha nani, nikanuna.

Ni mfupi na mpana. Amelowa kuanzia miguuni hadi kiunoni, sawasawa mwili mzima, na maji yanayomchuruzika yamechora duara sakafuni.

Akasema anamtaka Ndahani. Nikamwambia Ndahani amesafiri, amekwenda kwenye msiba, hajulikani atarudi lini. Ndahani alikuwa chumba cha pili anachemsha chai.

"Nimekuja kudai asili yangu," Kisiwa akasema. "Maneno mengine yote yana kwao. Meza ana kwao. Sukari ana kwao. Mimi nimewekewa alama ya kuuliza."

Nikamwambia amefika pazuri. Mimi ni mtu wa Bumbire, tena wa ukoo mzuri, nitamwandika kuwa ametokea kwetu na hakuna atakayenibishia.

Kisiwa akageukia mlango. "Kwenu pana mwingine," akasema. "Nimempita hapo kwenye korido. Anasema anakusubiri tangu ulipopanda boti kuja kusoma."

Nikachungulia koridoni. Kweli, kuna neno limekaa kwenye benchi la wageni, limeshika mkungu wa ndizi mapajani. Ni Ekizinga, jina la kisiwa kwa Kihaya. Limevaa vizuri, limenyoosha mgongo.

"Waitu, nasubiri tu," likasema kwa heshima ya Kihaya.

Nikaliambia liendelee kusubiri, nikafunga mlango.

"Yule anajua alikotoka," Kisiwa akasema, na sauti yake imebadilika. "Ametoka kwenye kuzinga, kuzungushia kitu. Ukimwuliza, anakujibu hapohapo. Mimi nikiulizwa natazama chini." Nikamtambua mara moja. Alikuwa anaona wivu kama mimi, na jambo hilo halikunifariji hata kidogo, maana wivu nilitaka uwe wangu peke yangu.

Hapo ndipo nilipochukua kifutio. Kadi ya Ndahani ilikuwa mezani, imeandikwa kwa penseli kwa mwandiko wake ule wa kubana. Nikafuta neno moja tu, la mwisho. Kadi ikabaki inasema: "Nchi kavu iliyozungukwa na maji pande."

Nikapuliza vumbi. Kisiwa akatikisika kitini.

Papo hapo ofisi ni ukumbi, na ni kikao. Dakta Mwanakombo yuko mbele na miwani yake miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani. Anasoma kadi kwa sauti, anauliza nani ana pingamizi. Nanyoosha mkono. Nimejiandaa.

Naita shahidi wangu wa kwanza, na Rasi anaingia. Rasi ana maji pande tatu, upande wa nne ameshikana na bara, na bara limelazimika kuja naye, linajibana mlangoni.

"Huyu ana maji pande," nasema. "Anaingia kwenye maelezo. Na kila mtu anajua si kisiwa."

Dakta Mwanakombo anaisoma tena kadi. Anamtazama Rasi.

"Kadi inasema ni kisiwa," anasema. "Basi ni kisiwa. Hongera, Bwana Rasi."

Rasi anakatika kutoka bara kwa mlio mdogo kama wa kifungo, anakwenda kukaa kwenye viti vya visiwa. Nimeduwaa, lakini mimi si mtu wa kushindwa mara moja. Naleta ukingo wa mto, wenye maji upande mmoja. Unakuwa kisiwa. Naleta kiwanja cha shule chenye bomba linalovuja. Kinakuwa kisiwa. Naleta Wilaya ya Kongwa nzima, imeegemea dumu lake, vumbi tupu. Dakta Mwanakombo anauliza kama dumu lina maji. Lina maji, nusu.

"Kisiwa," anasema, na watu wanapiga makofi.

Kongwa anapita mbele yangu kwenda kukaa, na naapa alinikanyaga makusudi.

Simu yangu ikalia. Ni mama, kutoka Bumbire. Kwenye ndoto zangu mama hupiga simu kila mara, kama anavyofanya nikiwa macho.

"Koku mwanangu," akasema, "boti imegoma kuondoka. Nahodha anasema hakuna sababu ya kwenda popote, kila mahali ni kisiwa. Na watu wanahama huku. Wanasema kama kisiwa kipo hadi Kongwa, kuna haja gani ya kukaa na mbu? Umefanya nini huko?"

Nikamjibu kwamba sijafanya kitu. Akaguna ule mguno wake wa kunijua.

"Basi kirudishe," akasema, akakata.

Niliumia. Nilitaka Ndahani asiwe na kisiwa, na sasa kila mtu alikuwa nacho isipokuwa sisi. Bumbire lilikuwa eneo kama maeneo mengine. Nikakimbilia mezani kutafuta neno nililolifuta. Kuna chembechembe tu za kifutio.

Nikakiuliza kifutio. Kikajibu kwa upole kwamba kinakula kinachopewa, na hakijawahi kurudisha kitu tangu kiumbwe. Nikachukua penseli niandike mwenyewe. Kadi ikakataa. Kila nikiandika, herufi zinateleza hadi ukingoni na kudondoka chini, ambako Kisiwa anaziokota na kunirudishia, moja moja, bila kunilaumu.

"Hilo neno si lako," akasema. "Lina mahali lilipopatikana. Twende."

Tukatoka. Koridoni Ekizinga akasimama na ndizi zake, akatufuata nyuma bila kuulizwa. Tunapita choo cha wanaume, tunapita stoo, na baada ya stoo hakuna ukuta tena. Kuna mbuga, na mvua, na maji ya rangi ya chai yamejaa mpaka yanapokutana na wingu.

Katikati kuna kichuguu kikubwa. Juu ya kichuguu kuna mwanamke mwembamba, mbuzi saba, na mtoto wa miaka sita hivi mwenye masikio ya Ndahani. Masikio hayo nayachukia kwa miaka miwili, siwezi kuyakosea.

Tukapanda. Mwanamke akanisalimia, "Mbukwenyi," kama vile nimepita kuazima chumvi. Beberu mmoja amefungwa kilemba cha mwanamke huyo shingoni, na ncha ya pili ameishika yeye. Akaniambia beberu huyo anaitwa Mjumbe, na akienda yeye wote wanamfuata, kwa hiyo asipoachiwa Mjumbe hakuna atakayeondoka. Akaniambia pia kwamba wako hapo siku ya pili, na kwamba kichuguu kinapungua.

Mtoto alikuwa anataka kulia. Mama yake hakumruhusu. Alimwinua, akamgeuzia upande mmoja.

"Tazama. Kuna njia huku?"

"Hakuna."

Akamgeuza. Na huku? Hakuna. Na huku? Hakuna. Alimgeuza polepole, kama mtu anayemwonyesha mtoto nyumba mpya, mpaka wakarudi walipoanzia.

"Kwa hiyo maji yako pande ngapi?"

Mtoto akafuta pua. "Zote," akasema.

"Basi umeshayajua. Hayawezi kutokea mahali tusipopatazama. Sasa anza tena."

Wakaanza tena. Nilisimama nyuma yao, matope yamefika kwenye vifundo vya miguu, na nilijisikia vibaya kuliko siku nyanya ilipoguswa mara ya nne. Miaka kumi na minane nilikaa Bumbire na sijawahi kugeuka kuhesabu pande za maji. Nilikuwa na upande mmoja, ule wenye gati, na macho yangu yalikuwa kwenye boti ya kuondokea. Mtoto huyu wa Kongwa alikipata kisiwa kwa siku mbili akakijua chote. Nilimwonea wivu juu ya kile kichuguu, juu ya mama anayemgeuza, hadi mafuriko yenyewe niliyaonea wivu. Nikasema hayo yote kwa sauti, kwa urefu, maana hapakuwa na pa kwenda.

Mwanamke akanisikiliza. Mjumbe pia.

"Umekuja kuchukua nini?" akaniuliza.

Nikamwambia nimefuta neno la mwanawe, na ninalihitaji tena.

"Kwa nini ulilifuta?"

"Wivu, mama."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei ya mahindi. Akasogea kidogo, na alipokuwa amesimama pakatosha miguu miwili. "Simama hapa. Geuka."

Nikageuka. Upande wa kwanza maji. Upande wa pili maji, na nikaona kipande cha udongo kinamong'onyoka. Wa tatu maji. Kabla ya upande wa nne nilisita, kwa sababu nyuma yangu nilikuwa nimeacha ofisi, stoo na korido, na nilikuwa na hakika bado ziko pale. Nikageuka. Maji. Ofisi haipo. Ekizinga amekaa chini na ndizi zake, ananitazama usoni, na Kisiwa amekaa karibu naye, mabega yanagusana, wote wawili wamelowa hadi kiunoni.

"Zote," nikasema, na sauti ilitoka ndogo, ya mtoto.

Ekizinga akakata ndizi moja akampa Kisiwa. Kisiwa akamuuliza kwa aibu kama maji yalikuwepo pia siku aliyozaliwa yeye. Ekizinga akasema yalikuwepo, yalimzunguka, ndiyo maana akaitwa vile. Kisiwa akala ndizi. Akasema siku yake haikumbuki, ila maji anayakumbuka.

Nilipotazama mkononi nilikuwa nimeshika kadi, na mwisho wa mstari pana neno limeandikwa kwa mwandiko wa kubana. Udongo ukaanguka tena, upande wangu. Mwanamke akanishika mkono bila kugeuka, kwa mkono uleule wenye ncha ya kilemba, akasema nisiogope, watatu ni wazito kuliko wawili.

Nikaamka.

Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua limeshaingia dirishani. Nilikaa kitandani nikijicheka. Kisha nikampigia simu Ndahani, kwa sababu kuna jambo lilikuwa linanikera, na likinikera jambo silali wala sili.

Alipokea kwa uangalifu. Anajua sijawahi kumpigia kwa wema. Akaniuliza kama nimepata pingamizi.

Nikamwambia sina. Kadi yake ifungwe ilivyo. Nikaongeza, kana kwamba ni kitu kidogo:

"Ndahani, Mjumbe alipona?"

Nikasikia amefunga bomba.

"Alipona," akasema. "Wote saba walipona. Dada Koku, jina hilo amekupa nani? Sijamwambia mtu ofisini habari za kichuguu. Hata mke wangu hajui kama yule beberu alikuwa na jina."

Nikamwambia niliota tu. Nilitegemea acheke. Hakucheka, na aliposema tena alikuwa anasema taratibu, kwa sauti ya mtu anayetafuta mahali pa kukaa.

"Mama, mpaka anakufa, alikuwa anasimulia kwamba pale juu tulikuwa watatu. Sisi tulimwambia ni njaa. Alisema alikuja dada mmoja mgeni akasimama nyuma yetu, analalamika, analalamika. Alituambia yule dada alijitaja mwenyewe kuwa ana wivu sana." Akavuta pumzi. "Na kwamba yeye mama alimshika mkono mgeni huyo, na hakuuachia mpaka maji yalipopungua."